Sindano ya kwanza ikosewe kwenye mchezo, si kwenye tako la mtoto

Mwulize mwanafunzi yeyote wa uuguzi hapa Lubumbashi mahali pa kuchoma sindano ya tako, atakujibu bila kusita: gawa tako kwa mistari miwili, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, upate robo nne, kisha choma robo ya juu upande wa nje. Jibu hilo amelinakili kwenye daftari, amelikariri, amelipatia alama kwenye mtihani. Siku moja analetewa mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Mtoto amekonda, anapiga mateke, mama amemlaza kifudifudi mapajani, kaptura imeshushwa nusu tu, umeme umekatika na mwanga uliopo ni wa dirishani. Ile mistari miwili haipo. Tako halionekani lote, kwa hiyo robo zote zimehama, na ile anayoidhania kuwa ya juu na ya nje huenda siyo.

Chini ya ngozi hiyo inapita neva ya siatiki, nene kuliko neva zote za mwili. Inatokea ndani ya nyonga, inajificha chini ya msuli mkubwa wa tako, inashuka katikati ya mfupa wa kukalia na kile kifundo cha mfupa wa paja kinachogusika ubavuni, halafu inaelekea mguuni. Kwa mtu mzima unene wake unakaribia kidole gumba. Kwa mtoto aliyekonda, nyama iliyopo kati yake na ncha ya sindano ni kidogo sana. Sindano ikiichoma, au dawa kali ikimwagika karibu nayo, wayo unalegea: mtoto hawezi tena kuinua vidole vya mguu, anatembea akiuburuta. Miaka ya kwinini ilikuwa mibaya zaidi, kwani dawa ile huunguza nyama na neva. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate ichukue nafasi ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na sindano za kwinini zikaanza kupungua. Sindano za tako zenyewe hazijaisha. Ziko antibiotiki, ziko dawa za maumivu, na wako wazazi wengi wanaoamini kwamba mgonjwa asipochomwa hajatibiwa.

“Munganga, mutoto yangu atatembea tena?” Mama anayeuliza hivyo anamwuliza mtu ambaye, kwa karatasi zake, alifaulu anatomia.

Nimeanza na tako la mtoto kwa makusudi, ingawa nataka kuzungumzia michezo ya uhalisia pepe, ile ya kompyuta inayochezwa kwa kuvaa miwani inayofunika macho, teknolojia ambayo huku kwetu bado inaonekana kuwa anasa ya vyuo vya Ulaya na Marekani. Kila munganga hukosea mara ya kwanza, na hilo halina dawa. Tunachoweza kuchagua ni mahali pa kukosea. Kwa miaka mingi tumeruhusu kosa hilo lifanyike kwa mgonjwa, na mara nyingi kwa mgonjwa maskini kuliko wote, kwa sababu darasani hatukuwa na mahali pa kulifanyia. Mchezo uliotengenezwa vizuri unaweza kuwa mahali hapo. Nasema mchezo, sisemi miwani, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo itakayoamua kama fedha zitatumika vizuri au zitaishia kabatini.

Tuangalie kwanza namna somo linavyofundishwa sasa. Katika shule nyingi za uuguzi, kuanzia ITM, zile taasisi za ufundi wa tiba za ngazi ya sekondari, hadi taasisi za juu, anatomia inapita kwa maandishi: sillabasi, ubao, michoro ya rangi mbili, na profesa anayesoma haraka ili amalize saa zake. Mazoezi ya vitendo, zile TP ambazo mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) unazipa nafasi kubwa kwenye ratiba, hubaki kwenye ratiba hiyo hiyo. Penye kiunzi cha plastiki, kimoja kinazungukwa na darasa zima. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanasikia. Nimemwona mwanafunzi mwenye alama nzuri za maandishi akipewa nyonga ya plastiki mkononi, akaishika juu chini. Wenzake hawakucheka. Nao waliijua nyonga kwa picha moja tu, ya mbele, na ilipogeuzwa ikawa kitu kigeni kabisa. Huyo si mjinga. Amefundishwa umbo lenye kina kwa kutumia karatasi isiyo na kina, kisha tukamtaka akachome sindano ndani ya kina hicho.

Uhalisia pepe unaahidi kuziba pengo hilo hasa. Kifaa kinafunika macho, kila jicho linaonyeshwa picha yake, na vihisi vinafuata mwendo wa kichwa. Ukigeuka unaona upande wa pili wa moyo. Ukiinama unaona ini likiwa limekaa chini ya mbavu za kulia. Ukinyoosha mkono unautoa msuli mmoja na kuona kilichojificha nyuma yake. Mtu akikivaa mara ya kwanza hustaajabu, na wauzaji wanaujua sana mshangao huo. Lakini mshangao haufaulishi mtihani, wala haumwepushi mtoto na ulemavu, kwa hiyo tuulize utafiti umeona nini.

Mwaka 2020 jarida la BMC Medical Education lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 15 yaliyolinganisha uhalisia pepe na njia nyingine za kufundishia anatomia. Waliotumia uhalisia pepe walipata alama za juu kwa kiasi cha wastani. Si haba. Ila majaribio yenyewe yalitofautiana mno, mengine yakionyesha faida kubwa na mengine karibu hakuna. Miaka mitatu kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Bond cha Australia kiliwagawa washiriki 59 katika makundi matatu wajifunze fuvu la kichwa: kundi moja kwa miwani ya uhalisia pepe, la pili kwa tableti inayochanganya picha na mazingira halisi, la tatu kwa tableti ya kawaida. Alama zao hazikutofautiana kwa maana yoyote. Waliovaa miwani ndio waliolalamika zaidi kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kuona ukungu.

Kisha kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliofanya jambo ambalo kwangu mimi ni la maana kuliko yote. Walichukua nyonga ya plastiki wakailinganisha na nyonga hiyo hiyo kwenye kompyuta, na baadaye kwenye miwani. Ya plastiki ikashinda. Walipowafunika wanafunzi jicho moja, ushindi wake ukapungua sana, wakatambua kwamba nguvu ya plastiki ilitokana na macho mawili kuona kina cha kitu halisi. Kwa shule ya mitaa yetu ya Katuba au Ruashi hizi ni habari njema: kifaa cha bei ndogo, kisicho na betri wala akaunti ya intaneti, kinaweza kukishinda cha mamia ya dola kwa kazi ya kujifunza umbo. Shule ambayo haina nyonga za plastiki za kutosha haina sababu ya kukimbilia miwani.

Basi kwa nini naitetea michezo? Kwa sababu majaribio mengi ya aina hiyo yanapima kuona. Mwanafunzi anaonyeshwa, anazungusha, anatazama, kisha anaulizwa majina. Sindano, lakini, inadai uamuzi zaidi ya majina. Na uamuzi hujengeka kwa kuulizwa, kujibu, kukosea, kuonyeshwa kosa papo hapo, na kuulizwa tena kesho. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis walionyesha jambo ambalo walimu wengi bado hawalitumii. Waliosoma maandishi kwa kipindi kimoja kisha wakajipima vipindi vitatu bila kuyatazama walikumbuka, baada ya wiki moja, asilimia 61 ya waliyosoma. Wenzao walioyasoma kwa vipindi vinne bila kujipima walikumbuka asilimia 40. Mchezaji wa Mazembe hajui kupiga penalti kwa kulitazama goli. Anajua kwa kupiga, kukosa, kuambiwa mguu ulikaa vibaya, na kupiga tena hadi jioni. Mchezo wa anatomia wenye thamani ni ule unaomtaka mwanafunzi apige, naye ajue papo hapo mpira umekwenda wapi.

Mfano wenyewe hauko mbali. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa ukashuka hadi Lusaka, utaikuta Hospitali ya Chuo Kikuu, UTH, ambayo ilishirikiana na Southern Methodist University ya Texas, chuo chenye shule ya utengenezaji wa michezo ya video. Walichagua tatizo kubwa la Zambia, ambalo ni kubwa kwetu pia: saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake ni wengi, madaktari wanaoweza kuondoa kizazi chenye saratani ni wachache, na operesheni yenyewe ni ngumu kwa sababu za kianatomia. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo unapita chini kidogo ya ateri ya kizazi, karibu kabisa na mahali pa kufunga na kukata. Daktari asiyeujua ukaribu huo anaweza kumponya mgonjwa saratani na kumharibia njia ya mkojo kwa mkasi huo huo. Watengenezaji wakatumia vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa kwa wacheza michezo, wakajenga chumba cha upasuaji cha kidijitali. Madaktari waliokuwa mafunzoni wakairudia operesheni tena na tena, huku mashine ikipima usahihi wao na mwendo wa mikono yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: kadiri walivyorudia, ndivyo walivyozidi kuwa sahihi na kuacha kupapasa ovyo.

Tazama walichofanya. Hawakununua atlasi nzuri ya mwili mzima wakaiita maendeleo. Walianza na mgonjwa wao, operesheni yao, mahali hasa ambapo mkono hukosea, kisha wakatafuta kifaa kinachofaa. Sisi tukiingia njia hii tukianza na orodha ya bei ya miwani, tutakuwa tumeanzia mkiani.

Kwetu Lubumbashi mimi ningeanza na ile sindano. Siongei juu ya ndoto. Kila hatua inaweza kutengenezwa leo. Mwanafunzi anafungua mchezo anakutana na mtoto mwenye homa aliyelala mapajani mwa mama yake. Kipimo cha kwanza: je, anauliza umri na uzito, na je, anajiuliza kama dawa hii lazima ichomwe? Anayeweza kumpa mtoto dawa ya kunywa akaamua kumchoma, amekosa tayari. Kipimo cha pili: anachagua wapi? Kwa mtoto mdogo jibu ni paja, mbele kidogo upande wa nje, mahali pale pale pa chanjo, ambapo hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu. Akichagua tako, mchezo haumkatazi, unamwacha aendelee. Kipimo cha tatu: je, ameshusha nguo yote? Mtoto naye anajinyonganyonga kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo alama aliyoilenga inasogea. Anachoma. Papo hapo ngozi inakuwa angavu, misuli inafifia, neva inawaka rangi ya njano, na ncha ya sindano inaonekana iko umbali gani kutoka kwenye neva. Aliyekosa haambiwi “jaribu tena” na muziki wa furaha. Anaonyeshwa mtoto yule yule mwezi mmoja baadaye, akitembea uani.

Hapo miwani inastahili bei yake kuliko karatasi na kuliko plastiki. Nyonga ya plastiki haina neva inayowaka, haijinyonganyongi, haioni haya kuvuliwa nguo mbele ya watu, na haionyeshi mwezi ujao. Nalazimika pia kusema kile ambacho miwani haina. Haina ngozi. Kidole hakihisi ukingo wa mfupa wa nyonga, na ukingo huo unaopapaswa kwa vidole ndio dira ya kweli ya muuguzi kwenye chumba chenye giza. Kwa hiyo baada ya mchezo wanafunzi wakae wawili wawili, wasichana na wasichana, wavulana na wavulana, kila mmoja atafute kwa vidole ukingo wa nyonga ya mwenzake na kifundo cha paja juu ya nguo nyepesi, achore kwa kalamu ya wino mahali pa sindano, na mwalimu apite akikagua. Zoezi hilo ni la bure. Ni ajabu kwamba shule nyingi hazinalo.

Kuna jambo jingine ambalo michezo mingi haina na ambalo maiti inalo: tofauti za miili. Kwa walio wengi neva ya siatiki inapita nzima chini ya msuli uitwao pirifomisi. Kwa baadhi, karibu mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, sehemu yake moja inatoboa msuli huo au inapita juu yake. Atlasi ya kidijitali kwa kawaida ina mwili mmoja tu, na mwanafunzi anayeuchezea mara mia ataamini kwamba watu wote wako hivyo. Historia ya somo hili inatuonya. Galeni, tabibu wa kale aliyeishi karne ya 2, alipasua nyani na wanyama wengine kwa kuwa hakuruhusiwa kupasua watu, akaandika mambo ya mnyama kana kwamba ni ya binadamu, na kwa zaidi ya miaka 1,300 waganga wakayasoma bila kuyahoji. Vesalius, mwanaanatomia mzaliwa wa Brussels, ndiye aliyepasua maiti kwa mikono yake na kuonyesha mwaka 1543, kwa mfano, kwamba taya la chini la mtu ni mfupa mmoja, si miwili. Mchezo wetu ukiwa na mwili mmoja tu utakuwa Galeni mpya mwenye picha nzuri. Uwe na watoto wanono na waliokonda, wazee, mama mjamzito, na neva zinazopita kusikotarajiwa.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema miwani itafunga vyumba vya kupasulia maiti. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefundisha utabibu kwa miongo mingi. Madaktari waliotoka pale wanajua kwamba mbele ya maiti ya kwanza mwanafunzi hujifunza zaidi ya ateri. Anajifunza kunyamaza, kumfunika aliyelala pale, kufanya kazi huku moyo ukidunda. Daktari wa baadaye anauhitaji mwili halisi. Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye hatapasua maiti maishani mwake, ndiye ambaye mchezo unaweza kumsaidia zaidi, na ndiye anayechoma sindano nyingi kuliko daktari yeyote. Katika mazungumzo yote ya teknolojia, huyo husahaulika.

Nikitaja maiti siwezi kuruka swali la nani. Katika nchi nyingi za Afrika miili ya kufundishia ni ya watu waliokosa ndugu wa kuwadai, maskini waliofia hospitalini. Mwaka 2012 Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wanaanatomia lilipendekeza itumike tu miili ya waliojitolea wakiwa hai. Wengine hudhani kwamba mwili wa kidijitali unatuondolea swali hilo. Hautuondolei. Mmoja wa miili mashuhuri zaidi kwenye kompyuta, ule uliotolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1994, ni wa Joseph Paul Jernigan, mfungwa aliyeuawa kwa sindano ya sumu Texas mwaka 1993. Mwili wake uligandishwa, ukakatwa vipande 1,871 vya unene wa milimita moja, kila kimoja kikapigwa picha. Alikuwa ameridhia mwili wake utumike kwa sayansi, lakini ridhaa ya mtu anayesubiri kuuawa ni ridhaa ya aina gani? Mwili huo uliopewa hadhi ya kielelezo cha binadamu hauna hata kidole tumbo, alikuwa ameshatolewa.

Sisi wa kusini-mashariki ya Kongo tuna sababu yetu ya kuuliza. Mwaka 1884, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo lililokuja kuwa sehemu ya Katanga, askari waliotumwa na Mbelgiji Émile Storms walimwua chifu Lusinga wa Watabwa wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa na kuandikwa kwenye makala za kisayansi. Walioyafanya hayo waliyaita elimu ya mwili wa binadamu. Kwa hiyo shule ya Lubumbashi ikiletewa programu, mkurugenzi ana haki kamili ya kumwuliza muuzaji: mwili huu ni wa nani, nani aliridhia, na umechorwa au umekatwa? Asiyeweza kujibu arudi na mzigo wake.

Sasa vifaa, ambavyo sitavikalia sana kwa kuwa kila mtu anavijua vikwazo vyake. Quest 3S, moja ya miwani ya bei ya chini ya kampuni ya Meta, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 huko Marekani. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji kabla haijafika kwenye meza yako. Betri yake inamaliza chaji kwa saa mbili au tatu, na jiji lenye delestaji, yaani mgao wa umeme, haliahidi kwamba utachaji tena mchana huo huo. Ndani ya betri za aina hiyo mara nyingi mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kati ya hapa na Kolwezi. Kuna wanaopendekeza kadibodi zenye lenzi mbili ambamo unaingiza simu. Wazo ni zuri, ila simu nyingi za bei nafuu ambazo wanafunzi wetu wanazo hazina jairoskopu, kihisi kinachotambua kichwa kimegeukia wapi; bila hicho picha inabaki imesimama hata ukigeuka. Yapo pia mambo madogo ambayo waliotengeneza vifaa hawakuyafikiria: mikanda isiyokaa vizuri juu ya nywele zilizosukwa, na sponji inayopita uso kwa uso wakati macho mekundu yanaambukizana darasa zima. Sponji ya plastiki inayofutika kwa spiriti ni ya lazima.

Kwa hali hiyo, miwani miwili kwa darasa inatosha. Mmoja anavaa, picha yake inaonyeshwa ukutani kwa projekta, na wenzake wanabishana: shusha zaidi, hapana, sogea nje, angalia umri wake. Mabishano hayo yanafundisha kuliko mtu kukaa peke yake ndani ya kifaa. Toleo la pili la mchezo huo huo liwe la simu ya kawaida, bila miwani, lisilohitaji mega za intaneti baada ya kupakuliwa, ili mwanafunzi ajipime usiku nyumbani. Utafiti wa Bond umetupa ruhusa ya kufanya hivyo bila kuona haya.

Watengenezaji tunao. Shule ya juu ya informatiki ya ESIS Salama iko hapa hapa mjini, na kila mwaka inatoa vijana wanaojua kuandika programu. Blender ya kuchongea maumbo ni ya bure, Godot ya kujengea michezo ni ya bure, na kuna atlasi ya wazi iitwayo Z-Anatomy iliyojengwa juu ya maumbo yaliyotolewa na watafiti wa Japani, ambayo leseni yake inaruhusu mtu kuichukua na kuibadilisha. Kinachokosekana ni meza moja ambapo mwanafunzi wa informatiki, mwalimu wa uuguzi na muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule tunayemwita IT, wanakaa pamoja. Huyo wa tatu ndiye ajuaye makosa yanayotokea kweli. Mchezo uzungumze Kifaransa cha mtihani na Kiswahili cha yule mama, kwa kuwa munganga atavihitaji vyote viwili siku hiyo hiyo.

Ninachoomba kwa wakuu wa shule za afya wa jiji hili ni kitu kidogo kinachoweza kupimwa. Wachukue madarasa mawili ya mwaka mmoja. Darasa la kwanza lipate mchezo wa sindano, la pili lipate nyonga za plastiki na zoezi la kupapasa na kuchora, kwa saa zile zile na mwalimu yule yule. Baada ya miezi mitatu wote wapimwe kwenye mwanasesere wa mazoezi, na mpimaji awe mtu wa nje asiyejua nani alitoka wapi. Umbali wa sindano kutoka njia ya neva upimwe kwa rula na kuandikwa. Mchezo ukishinda, uenezwe hadi Likasi na Kolwezi. Ukishindwa, fedha zinunue nyonga za plastiki, na matokeo yabandikwe mlangoni mwa shule ambapo wazazi wanaolipa minervali, ile ada ya shule, wanaweza kuyasoma.